Bunduki za Ruiru na swali la magazini na darubini

RAIS wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alipofungua kiwanda cha kuunda bunduki mjini Ruiru mnamo Aprili 2021, Wakenya walielezwa mambo mawili makuu. La kwanza ni kwamba kiwanda hicho kiligharimu takribani Sh4 bilioni. La pili ni kwamba kina uwezo wa kuunda bunduki 12,000 kila mwaka.

Hizo ni takwimu za kutia moyo kwa taifa ambalo kwa miaka mingi limekuwa likinunua silaha zake ng'ambo. Hata hivyo, kuna swali ambalo halisikiki sana kila mjadala wa vifaa vya walinda usalama unapozuka, nalo ni hili: ni nani anayechagua magazini na darubini za bunduki hizo, na anazichagua kwa kipimo gani?

Huenda msomaji akaliona swali hili kuwa dogo. Magazini, kwa wasioizoea istilahi hii ya kambini, si jarida la kusoma bali ni kile kisanduku cha bati au plastiki kinachochomekwa chini ya bunduki kikiwa kimejaa risasi. Darubini nayo ni kile kifaa chenye vioo kinachofungwa juu ya bunduki ili mlengaji aone mbali. Vyote viwili huonekana kama vikorokoro vya kuongezea tu, mithili ya zulia la gari.

Kinaya ni kwamba historia ya majeshi makubwa duniani imejaa visa vya askari waliopewa bunduki za bei ghali, kisha wakaponzwa na vikorokoro hivyo hivyo. Visa hivyo vimeandikwa, vimejadiliwa bungeni na vingine vimefikishwa mahakamani. Kenya, ambayo sasa inaunda bunduki zake yenyewe, haina sababu ya kuvirudia.

Tuanze na Marekani. Mnamo 1967, kamati ndogo ya Bunge la Wawakilishi iliyoongozwa na mbunge Richard Ichord ilichunguza malalamishi kwamba bunduki ya M16 ilikuwa ikikwama katikati ya mapigano nchini Vietnam. Askari walikuwa wakiwaandikia barua wazazi na wabunge wao kueleza masaibu hayo, na baadhi ya wenzao walikutwa wamekufa kando ya bunduki zilizofunguliwa ili zirekebishwe.

Kamati hiyo iligundua kuwa aina ya baruti ya risasi ilikuwa imebadilishwa bila majaribio ya kutosha, na kwamba askari hawakupewa vifaa vya kutosha vya kusafishia silaha. Magazini haikuwa mshtakiwa mkuu. Lakini askari wenyewe, kwa uzoefu wa porini, walikuwa wamejifunza kutia risasi 18 katika magazini ya risasi 20, kwa kuwa springi ilielemewa ikijazwa pomoni.

Zoea hilo linaeleza mengi. Magazini za M16 ziliundwa kwa aluminiamu nyembamba ili ziwe nyepesi na za bei nafuu, na zilikusudiwa kutupwa zinapochakaa. Vitani hazikutupwa. Zilirudishwa mfukoni zikiwa zimebonyea, zikajazwa tena, zikatumika tena.

Ili kuelewa kwa nini kubonyea kidogo kuna madhara makubwa, ni vyema kutazama namna kisanduku hicho kinavyofanya kazi. Ndani yake mna springi inayosukuma kibao kidogo kuelekea juu. Risasi hukaa juu ya kibao hicho. Kwenye mdomo wa kisanduku mna kingo mbili zilizopinda kwa ndani, ambazo huishika risasi ya juu kabisa hadi bolti ya bunduki ipite, iisukume na kuiingiza kwenye chemba.

Shughuli hiyo yote huchukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Endapo kingo zimepanuka, risasi mbili zitachomoka kwa pamoja. Zikiwa zimebanana, risasi haitatoka. Kibao kikiinama, risasi itaelekeza pua yake chini na kugonga ukuta wa mbele badala ya kuingia kwenye chemba. Springi ikiwa imechoka, bolti itapita kabla risasi haijapanda. Katika hali zote hizo mfyatuaji hubakia na chuma kisichomfaa, naye adui hatamsubiri akirekebishe.

Ndiyo maana bunduki ya AK-47, ambayo wananchi wa maeneo ya kaskazini mwa nchi yetu wanaifahamu kupita kiasi, imejipatia sifa ya kutokwama. Sehemu kubwa ya sifa hiyo inastahili kupewa magazini yake. Imeundwa kwa chuma kizito, na ikiwa tupu ina uzito unaokaribia theluthi moja ya kilo, zaidi ya mara mbili ya ile ya aluminiamu. Risasi yake ni nene kitakoni na nyembamba mbele, hivyo zikipangwa nyingi huunda upinde, na magazini imefuata upinde huo tangu chini hadi juu.

M16 haikubahatika hivyo. Tundu lake la kuchomekea magazini lilichongwa likiwa wima kwa ajili ya kisanduku kifupi cha risasi 20. Magazini ya risasi 30 ilipokuja, ililazimika kuwa wima juu na kupinda chini. Kibao cha ndani kikawa kinapita kwenye kona hiyo kila mara, na hapo ndipo kilipoinama. Wahandisi walihangaika na kona hiyo kwa miongo kadhaa.

Mwishoni mwa 2007, Jeshi la Marekani lilifanya jaribio la vumbi katika kituo chake cha Aberdeen, jimbo la Maryland. Bunduki 10 za kila aina kati ya aina nne zilifyatuliwa risasi 6,000 kila moja huku zikifunikwa kwa vumbi. M4, ambayo ni ndugu mfupi wa M16, ilikwama mara 882 katika risasi 60,000. Washindani wake watatu walikwama mara 127, 226 na 233.

Vyombo vya habari viliripoti tarakimu ya 882 kwa mshtuko mkubwa. Jambo ambalo halikupewa uzito uleule ni kwamba zaidi ya mara 200 kati ya hizo kosa lilikuwa la magazini, wala si la bunduki. Yaani hitilafu zilizotokana na kisanduku cha dola chache pekee zilikaribia kulingana na hitilafu zote za bunduki nyingine nzima.

Jeshi hilo lilichukua hatua. Mnamo 2009 lilianza kusambaza magazini yenye kibao kipya kisichoinama na springi imara zaidi. Lakini kufikia wakati huo askari wengi walikuwa wamechoka kusubiri, wakaanza kujinunulia magazini za plastiki ngumu za kampuni ya Magpul, iliyoasisiwa mnamo 1999 na aliyekuwa askari wa kikosi cha Marine. Bidhaa ya kwanza ya kampuni hiyo ilikuwa kitanzi cha mpira tu, cha kumsaidia askari kuichomoa magazini haraka kutoka mfukoni.

Wakuu wa Marine hawakufurahia. Mnamo 2012 walipiga marufuku magazini hizo za plastiki, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba toleo la awali halikuingia vyema katika bunduki yao mpya ya M27. Miaka minne baadaye, Desemba 2016, kikosi kicho hicho kiliidhinisha toleo jipya la plastiki baada ya majaribio. Wadogo waliokuwa vitani walikuwa wameliona jambo hilo mapema kuliko wakubwa wao maofisini, ingawa ni haki kusema kwamba wakubwa nao hawakukosea kukataa kifaa ambacho hakikuingia katika kila bunduki.

Hapa kuna hoja ambayo waundaji wetu wa Ruiru wanafaa kuizingatia zaidi ya nyingine zote. Mnamo 2010 Marekani ilibadilisha risasi yake ya 5.56 na kuleta nyingine yenye ncha ya chuma iliyo wazi. Risasi hiyo mpya ilikuwa kali kwa shabaha, lakini ilianza pia kukwaruza njia ya kuingilia chemba ndani ya bunduki yenyewe. Suluhisho halikuwa kubadili bunduki. Liliundwa toleo jingine la magazini, lililoanza kusambazwa takribani miaka sita baadaye, ambalo linaiinua risasi kwa mwelekeo tofauti kidogo.

Kwetu, risasi zinaundwa Eldoret katika kiwanda kilichojengwa miaka ya 1990. Bunduki zinaundwa Ruiru. Magazini ndiyo mshenga kati ya viwanda hivyo viwili, na mshenga mbaya huvunja ndoa hata kama maharusi wanapendana. Mabadiliko yoyote ya risasi kule Eldoret, hata ya baruti peke yake, yanapaswa kurudishwa uwanjani yakajaribiwe pamoja na bunduki na magazini kabla askari yeyote hajapewa.

Wakazi wa Nanyuki, Laikipia na Samburu wana mfano mwingine karibu nao zaidi. Wanajeshi wa Uingereza wanaofanya mazoezi katika maeneo hayo hubeba bunduki ya SA80. Silaha hiyo iliingia jeshini mnamo 1985, na kufikia vita vya Ghuba vya 1991 ilikuwa imepata sifa mbaya ya kukwama mchangani.

Miongoni mwa kasoro zake, mbili zilihusu magazini moja kwa moja. Kisanduku chenyewe kilikuwa dhaifu na kilibonyea kwa urahisi. Isitoshe, kitufe cha kukiachilia kilijitokeza nje kiasi kwamba askari akiibana bunduki kifuani, kitufe kiliweza kubonyezwa na nguo zake na magazini ikaanguka chini. Askari angeweza kutembea hatua mia moja na kugundua amebaki na risasi moja tu ndani ya chemba.

Uingereza ililipa kampuni ya Kijerumani ya Heckler & Koch takribani pauni milioni 92 kurekebisha bunduki zipatazo 200,000 kuanzia 2000. Magazini mpya ya chuma ilikuwa sehemu ya ukarabati huo. Baadaye, katika vita vya Afghanistan, Waingereza nao wakageukia magazini za plastiki za Magpul, ambazo ni nyepesi na zina kidirisha cha kuonyesha idadi ya risasi zilizobaki.

Ni muhimu kusisitiza kwamba plastiki si dawa ya kila ugonjwa. Plastiki nzuri haibonyei: ama inarudi katika umbo lake au inapasuka, na ikipasuka askari anaona mara moja kwamba hiyo ni ya kutupwa. Hiyo ndiyo fadhila yake kuu. Lakini soko limejaa plastiki duni zilizoigizwa, ambazo midomo yake hupanuka zikiachwa na risasi kwenye joto. Mnunuzi anayefuata rangi na bei atazichukua hizo.

Aidha, hakuna vipimo vya kimataifa vinavyoweza kumwokoa mnunuzi mvivu. Nchi za muungano wa NATO zilipendekeza mnamo 1980 kwamba magazini za 5.56 zifuate vipimo vya M16 ili wanachama waweze kuazimana vitani. Pendekezo hilo halijawahi kuidhinishwa rasmi hadi leo, ijapokuwa watengenezaji wengi hulifuata na hulitaja katika matangazo yao. Muuzaji akikwambia bidhaa yake inafuata kiwango cha NATO, amekwambia kuhusu umbo la nje tu.

Sasa tugeukie darubini, ambako hadithi ni ya kutia uchungu zaidi kwa kuwa iliingiliwa na udanganyifu.

Novemba 2015, kampuni ya Marekani ya L-3 na tawi lake la EOTech zilikubali kulipa dola milioni 25.6 kumaliza kesi ya madai iliyofunguliwa na serikali ya nchi hiyo jijini New York. EOTech ilikuwa ikiuza vilengeo vya mwanga ambavyo humwonyesha mlengaji duara jekundu kwenye kioo. Viliuzwa kwa jeshi, kwa polisi na kwa makachero wa FBI.

Kampuni ilikuwa imetangaza kwamba kifaa hicho kingefanya kazi barabara kuanzia baridi ya nyuzi 40 chini ya sufuri hadi joto la nyuzi 60, na hata penye unyevu. Kulingana na serikali, kampuni ilijua kwa miaka kadhaa kwamba baridi ilivuruga alama ya kulengea, kwamba unyevu uliififisha, na kwamba halijoto ilipobadilika alama ilihama kutoka mahali ilipokuwa imewekwa. Iliendelea kuuza.

Msomaji na atafakari maana yake. Askari analinganisha kilengeo chake na bunduki asubuhi yenye baridi, risasi zinapiga katikati ya shabaha, anaridhika. Kufikia adhuhuri kifaa kile kile kinamwonyesha mahali pasipo. Hana njia ya kujua, kwa kuwa duara bado linang'aa vilevile. Kifaa kinachozimika kina uaminifu fulani, kwani humtangazia mtumiaji kwamba hakifai. Kinachodanganya kikiwa kinawaka hakimwachii nafasi ya kujihadhari.

Nchini Kenya jambo hili halipaswi kuchukuliwa kama habari ya mbali. Afisa anaweza kuondoka Timau, ambako alfajiri humlazimu mtu kuvaa koti zito, na kufika Isiolo mchana huohuo, ambako chuma cha bunduki kilichoachwa juani hakishikiki. Wanajeshi wetu walioingia Somalia tangu Oktoba 2011 walikumbana na joto, mchanga na hewa ya chumvi ya Kismayu kwa pamoja. Polisi waliotua Port-au-Prince, Haiti, Juni 2024, walikuta joto na unyevu wa bahari. Karatasi ya maelezo iliyoandikwa na muuzaji haikuandikwa kwa ajili ya mazingira hayo, na hata kama iliandikwa, kisa cha EOTech kinaonyesha thamani yake.

Kwa upande mwingine, wapo waliofaulu. Darubini ya ACOG ya kampuni ya Trijicon, ambayo inakuza umbo mara nne na ambayo kikosi cha Marine kilianza kuinunua kwa wingi katikati ya miaka ya 2000, haitumii betri. Alama yake huangazwa na mwanga wa jua mchana na gesi ya tritiamu usiku. Mwili wake umefuliwa kwa aluminiamu imara. Ni ya bei ghali, na tritiamu hufifia baada ya miaka kama 12, lakini askari haamki usiku wa manane akatafuta betri.

(Kampuni hiyo nayo ilipata fedheha yake mnamo 2010, ilipobainika kwamba ilikuwa ikichora nambari za aya za Biblia kando ya nambari za darubini zilizopelekwa Iraq na Afghanistan. Ililazimika kuacha. Hakuna aliyelalamikia kioo.)

Hata hivyo, mara nyingi kosa haliko ndani ya darubini bali kwenye kishikilio chake. Darubini hushikiliwa na pete mbili zilizokazwa kwa skrubu juu ya reli. Tuseme pete hizo zimeachana kwa sentimita 10, na moja imelegea ikainuka kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani unene wa karatasi ya daftari. Kosa hilo ni moja kwa elfu. Mita 100 mbele, risasi itapotea kwa sentimita 10. Mita 300 mbele, itapotea kwa sentimita 30, na haitapiga pale ilipolengwa.

Hapo ndipo ununuzi wa kubana matumizi unapogeuka hasara. Serikali inaweza kulipia darubini nzuri kisha ikaifunga kwa pete za bei rahisi, kwa skrubu ambazo hakuna anayezikagua, juu ya bunduki inayotikisika kwa nguvu kila inapofyatuliwa. G3, ambayo polisi na askari wa wanyamapori wetu wameibeba kwa miaka mingi, hurusha bolti yake nyuma kwa kishindo ambacho kimeziua darubini nyingi zilizokusudiwa bunduki ndogo. AK nayo ina kifuniko cha juu kinachochezacheza. Anayefunga darubini juu ya kifuniko hicho amejisumbua bure, na ndiyo maana Warusi waliweka reli ubavuni.

Majirani zetu wa Tanzania, ambako uwindaji wa leseni bado unaruhusiwa ilhali sisi tuliupiga marufuku mnamo 1977, wana hekima yao katika suala hili. Wawindaji wa kulipwa wanaowaongoza wageni kutafuta nyati huchagua kwa kawaida bunduki za bolti ya mkono, zenye magazini iliyojengwa ndani ya mwili wa bunduki na inayobeba risasi chache tu. Haichomolewi, haianguki, na midomo yake haibonyezwi na chochote. Darubini zao hufungwa kwa vishikilio vya kubandua, ili mnyama aliyejeruhiwa akiingia kichakani waiondoe na kulenga kwa macho. Watu hao hununua vifaa kwa pesa zao wenyewe na kuvitumia mbele ya mnyama anayeweza kuwaua.

Nasi tuna watu wetu walio mbele ya hatari. Novemba 2012, zaidi ya maafisa 40 wa polisi waliuawa katika bonde la Suguta karibu na Baragoi. Maafa yale yalikuwa na sababu nyingi, hasa za mipango na uongozi, na itakuwa ni kukosa uaminifu kuyapachika kifaa kimoja. Februari 2023 serikali ilipeleka wanajeshi kuwasaidia polisi katika kaunti sita za kaskazini mwa Bonde la Ufa, zikiwemo Turkana, Baringo na Samburu. Mapigano ya huko ni ya umbali mrefu, mabondeni na milimani, penye vumbi jekundu. Ni mazingira ambayo hufichua magazini mbovu na darubini iliyolegea upesi kuliko uwanja wowote wa mazoezi.

Huenda msomaji amewaona maafisa barabarani au polisi wa akiba vijijini wakiwa wamefunga magazini mbili pamoja kwa utepe, moja ikitazama juu na nyingine chini. Mtindo huo hutazamika kama ujasiri wa sinema. Lakini ile inayotazama chini hukokota mdomo wake mchangani kila afisa anapolala kifudifudi, na ndiyo atakayoitegemea ile ya kwanza itakapokwisha. Afisa hafanyi hivyo kwa ujinga. Mara nyingi anafanya hivyo kwa sababu hana mkoba wa kubebea ile ya pili.

Kadhalika kuna imani kwamba springi ya magazini huharibika ikiachwa imejaa. Springi nzuri haichoshwi na kukaa imebanwa bali na kubanwa na kuachiliwa mara nyingi. Kilicho hatari zaidi ni mafuta. Magazini iliyopakwa mafuta kwa ndani hukusanya vumbi hadi ikawa tope. Inatakiwa kufunguliwa, kupanguswa na kurudishwa ikiwa kavu. Tena kila magazini inatakiwa kuwa na nambari yake, ili ile inayokwama mara mbili ijulikane na kuondolewa, badala ya kurudi ghalani na kumwangukia afisa mwingine zamu inayofuata.

Utaratibu huo rahisi hautafuatwa endapo kanuni za fedha zinaupinga. Pale ambapo afisa hutozwa au huadhibiwa kwa magazini iliyopotea au kuharibika, atairudisha ile iliyobonyea na kuapa kwamba ni nzima. Jeshi linalotaka vifaa vibovu vitupwe halina budi kuvihesabu kama risasi, yaani vitu vya kutumika vikaisha, na kuvitengea pesa kila mwaka.

Hapo ndipo suala linaporejea Nairobi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inaruhusu vifaa vya usalama kununuliwa kwa siri, na hakuna mwenye busara atakayedai kwamba kila kitu kitangazwe gazetini. Lakini Wakenya hawajasahau kashfa ya Anglo Leasing iliyofichuka mnamo 2004, ambapo neno usalama lilitumika kama pazia la mikataba ambayo haikuwa na mashiko. Siri inayolinda askari si ile inayomlinda muuzaji.

Marekani na Uingereza hazikurekebisha bunduki zao kwa hiari. Wabunge waliuliza, magazeti yaliandika, na katika kisa cha EOTech serikali yenyewe ilimshtaki aliyeiuzia. Idadi ya mara M4 ilipokwama vumbini ilitolewa hadharani na jeshi lililoibeba, ilhali lilikuwa na vita viwili mikononi, na haijulikani kwamba adui alipata faida yoyote kwa kuisoma.

Wabunge wa Kamati ya Ulinzi wanaweza kuuliza mambo machache watakapoketi na wakuu wa wizara kujadili bajeti. Je, bunduki za Ruiru zimefyatuliwa risasi ngapi za Eldoret katika vumbi la Lodwar, kwa magazini zilezile zitakazopewa askari, na zilikwama mara ngapi? Je, darubini zilizonunuliwa zilikaguliwa na nani baada ya kuhamishwa kutoka baridi kwenda joto, mbali na aliyeziuza? Ni magazini ngapi mbovu zilizoondolewa ghalani mwaka uliopita, na ni kiasi gani kimetengwa kununua nyingine?

Hakuna jibu hata moja kati ya hayo linalohitaji kufichua idadi ya silaha za taifa wala mahali zilipohifadhiwa.